Sindano yangu ya kwanza niliichoma mara mbili

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa fundi seremala aliyekanyaga msumari. Alikuja akichechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kidonda kikiwa kimeshaoshwa na kufungwa chumba cha jirani. Kwangu aliletwa kwa jambo dogo tu: chanjo ya pepopunda, nusu mililita, kwenye msuli wa bega. Dawa kidogo, sindano nyembamba, mtu mzima mwenye bega lililojengeka kwa randa na msumeno. Sista aliyekuwa akinisimamia alinichagulia huyo makusudi. "Huyu wako," aliniambia, kisha akarudi nyuma yangu hatua moja.

Darasani sikuwa mtu wa kushindwa. Mtihani wa vitendo niliupita, na ule mkono wa plastiki wa kufanyia mazoezi niliuchoma mpaka ukawa na matundu kama chujio. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia haki tano za kumpa mtu dawa bila kupepesa macho: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Ila mkono wa plastiki hauna joto, hauna vinyweleo, wala haukugeukii kukutazama usoni.

Nilimfuta begani kwa pamba yenye spiriti, nikashika bomba, nikalisogeza. Ncha ya sindano ikawa inachora viduara hewani. Mimi niliviona. Kwa bahati mbaya fundi naye aliviona.

"Binti," akaniuliza kwa upole, "unaandika nini hapo?"

Nikacheka kwa woga, nikachoma. Kuchoma kwenyewe kulikuwa kwa kuibia: ncha ikazama kidogo, bega likashtuka, na mkono wangu ukaruka nyuma wenyewe kama umegusa sufuria ya moto. Sindano ikatoka. Dawa yote imebaki ndani ya bomba, tone la damu linashuka kwenye bega la mtu, na mimi nimesimama kama nguzo.

Nilitegemea sista aninyang'anye kazi. Hakuninyang'anya. Alimpa fundi pamba akandamize, akaninyooshea kidole kisanduku cha sindano zilizotumika. "Tupa bomba na sindano yake. Muombe radhi. Rudi mezani uanze mwanzo."

Nikamuomba radhi, nikarudi mezani nikiwa nimewapa wote wawili mgongo. Nilinawa mikono upya. Nikachukua kichupa cha chanjo, nikasoma jina, nikasoma tarehe ya mwisho, nikakitikisa, maana chanjo ile ikikaa hujitenga na kuacha ukungu chini. Nikafungua bomba jipya. Nikavuta dawa, nikaligonga kwa kucha mpaka viputo vikapanda juu, nikavisukuma nje, nikasawazisha kwenye mstari wa nusu mililita. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo lilinichukua siku nyingi kulielewa vizuri: mikono yangu haikuwa ikitetemeka. Ilikuwa na kazi, na kazi ile ilikuwa na mpangilio, basi ikatulia bila hata mimi kuiambia.

Nilipogeuka, nilichoma. Mara moja, moja kwa moja, nikasukuma dawa taratibu, nikatoa.

"Baba, utarudi baada ya wiki 4 kwa sindano ya pili," nilimwambia huku nikimwandikia kadi.

"Ya tatu," akanisahihisha, akaondoka na kiatu chake mkononi.

*

Usiku ule sikulala sana. Nililala nikimwona fundi, nikaamka nikimwona sista. Mwishowe nikawasha taa nikachukua daftari, nikaandika kilichotokea hatua kwa hatua, kama mtu anayeandika taarifa ya ajali. Nilikuwa nimetaka kujua ni wapi hasa nilipoanza kutetemeka. Jibu lilinishangaza. Sikutetemeka nilipomwona mgonjwa, wala nilipovuta dawa mara ya kwanza. Nilianza kutetemeka sista aliposema "huyu wako" na kurudi nyuma yangu hatua moja.

Kumbe mimi sikuwa nikiogopa sindano. Nilikuwa nikiogopa kutazamwa.

Hili nalisema kwa sababu wanafunzi tunapozungumzia woga wa sindano tunauweka wote kapu moja, na kila mtu anapewa dawa ileile: "usiogope." Sijaona ushauri usio na msaada kama huo. Kuna anayeogopa damu. Kuna anayeogopa kumuumiza mtu, huyo ukimtazama utamwona anakunja uso yeye kabla ya mgonjwa. Kuna anayeogopa kukosea dozi, naye anahesabu mara sita na bado haamini. Kuna anayeogopa kugonga mfupa. Na kuna sisi tunaoogopa macho ya aliye nyuma yetu. Kila woga una mlango wake, na ukibisha mlango wa jirani hutafunguliwa.

Kesho yake nilimfuata sista kabla zamu haijaanza kuchemka. Nikamwambia, "Sista, ukisimama nyuma yangu natetemeka. Ninakuomba usimame ninapokuona." Nilidhani atanisuta. Akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia kwamba sindano yake ya kwanza kabisa aliichoma vizuri sana, akaichomoa vizuri sana, akabandika pamba vizuri sana, na dawa yote ikabaki ndani ya bomba. Alisahau kusukuma. Tangu siku hiyo, kila nilipochoma alikuwa anakaa upande wa pili wa mgonjwa, ananitazama usoni na kupiga soga na mgonjwa wangu. Soga zile zilinisaidia mimi kuliko mgonjwa.

*

Sasa nije kwenye mwili, kwa sababu mwili nao una mambo yake usiyoweza kubishana nayo. Ukishtuka, adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unakimbia, vidole vinapoa, misuli midogo ya mkono inatikisika. Ni mwili unaojiandaa kukimbia au kupigana, wakati wewe unachotaka ni kushika kitu chembamba kwa utulivu. Kuuambia "tulia" ni sawa na kumwambia mtoto anayelia anyamaze. Atalia zaidi.

Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba utaratibu wenyewe wa kuchoma sindano una vituo vya kupumzikia, na mwoga huviruka vyote. Mimi nilikuwa naviruka. Kunawa mikono kwa maji na sabuni kunatakiwa kuchukue sekunde 40 hadi 60. Mimi siku ile ya kwanza nilichukua labda 10, nikapangusa, nikakimbilia bomba. Spiriti nayo unafuta ngozi kwa sekunde 30, halafu unaiacha ikauke yenyewe kwa sekunde nyingine 30, bila kupepea wala kupuliza. Ukichoma kabla haijakauka, spiriti inaingia na ncha na mgonjwa anahisi kuungua. Kwa hiyo hata kabla ya kutafuta mbinu yoyote ya kutuliza woga, umeshapewa dakika mbili za halali ambazo hakuna atakayekuuliza unangoja nini.

Nikaanza kuzitumia. Kwenye sinki, napumua. Navuta hewa kwa pua nikihesabu hadi 4, naitoa polepole nikihesabu hadi 6 au 7. Siri iko kwenye kuitoa: pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia, mapigo ya moyo hupungua kasi. Nikisugua kati ya vidole, nikisugua kucha, nikisugua vifundo, naweza kupata pumzi 4 au 5 za namna hiyo na hakuna anayejua kama nafanya kitu kingine zaidi ya kunawa. Na zile sekunde za spiriti kukauka ni za mgonjwa. Namuuliza jina lake tena, namuuliza kama ana mzio wa dawa yoyote, namuuliza kama amewahi kuzimia akichomwa sindano.

Swali hilo la mwisho lisikuponyoke. Wiki yangu ya pili nilimchoma kijana mmoja, pande la mtu, kifua kama mlango. Alisimama, nami nikamchoma akiwa amesimama kwa sababu niliona aibu kumwambia mtu wa namna ile akae. Nilipogeuka kutupa sindano nikasikia kishindo. Alikuwa chini. Hakuumia, akazinduka baada ya muda mfupi, miguu tukiwa tumeiinua, naye akaona aibu kuliko mimi. Tangu hapo hakuna anayechomwa na mimi akiwa wima, hata awe askari.

Na jambo jingine dogo ambalo hakuna aliyenifundisha: usiingie zamu tumbo tupu. Mimi kwa wasiwasi wa siku ya kwanza nilishindwa kutia kitu mdomoni asubuhi, kwa hiyo sehemu ya ile mitetemo ilikuwa njaa tu.

*

Kuhusu mkono wenyewe, nilijifunza kwamba woga wangu ulikuwa unatafuta mwanya, na mwanya ulikuwa mahali pamoja: pale unapohamisha vidole kutoka kwenye mwili wa bomba kwenda kwenye kisukumio. Mtihani wa vitendo haukuliona hilo. Ukichoma unashika bomba kama kalamu. Ncha ikishaingia, lazima vidole vihame ili kidole gumba kikasukume dawa. Katika kuhama huko bomba linayumba, ncha inatikisika ndani ya msuli, na hapo ndipo mgonjwa anapovuta meno. Watu wengi wanadhani maumivu ya sindano ni ile kuingia. Mara nyingi ni kule kuyumba.

Basi nikachukua sifongo nene, bomba la mazoezi na maji, nikakaa nalo jioni. Sikuwa nafanya mazoezi ya kuchoma. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kuhamisha vidole. Nachoma, mkono wa kushoto unakuja kushika shina la bomba pale chini, mkono wa kulia unaachia na kwenda kwenye kisukumio, nasukuma, natoa. Tena. Tena. Niligundua kwamba kiwiko kikigusa ubavu wangu mkono hautetemeki sana. Niligundua pia kwamba ukitanguliza upande wa kiganja, pale chini ya kidole kidogo, ukauegemeza kwenye mwili wa mgonjwa, mkono wote unapata mahali pa kutulia. Mkono unaoelea hewani lazima utetemeke, hata wa mtu asiyeogopa. Jaribu kushika kalamu hewani kwa dakika moja uone.

Na ule mruko wa kurudi nyuma? Ule ni wa wengi, usione haya. Mgonjwa akishtuka, mkono wako nao unashtuka kwa huruma. Kilichonitibu ni kuelewa kwamba polepole ndiyo inayoumiza. Sehemu yenye kuhisi maumivu zaidi ni ngozi. Ukiipita haraka umemaliza sehemu ngumu. Ukiisukuma taratibu kwa huruma, unamkalisha mgonjwa palepale panapouma. Kwa hiyo huruma yangu ya siku ya kwanza ndiyo iliyomuumiza fundi. Siku hizi najiambia: ingia haraka, sukuma taratibu, toka haraka. Dawa ndiyo inayotaka upole, takriban sekunde 10 kwa kila mililita moja ya kwenye msuli, ili nyuzi za msuli zipate kuipisha.

Wale wanaoogopa kugonga mfupa au mshipa wa fahamu, dawa yenu ni vidole, msiitafute kwenye pumzi. Papasa. Usikadirie kwa macho. Begani tafuta kwanza ule mfupa wa juu kabisa, pale bega linapokatikia, uwekee vidole viwili au vitatu chini yake, halafu fikiria pembetatu iliyopinduliwa, ncha yake ikielekea usawa wa kwapa. Unachoma katikati ya pembetatu hiyo, wima kwa nyuzi 90. Ukipanda juu sana unaingia kwenye kiungo cha bega, na mtu anaweza kuumwa miezi. Kuvua shati nusunusu ndiko kunakosababisha makosa hayo, kwa sababu kola inakusukuma ukachomee juu. Mwambie avue mkono wote.

Kwenye tako ndiko mimi nilikoogopa zaidi, kwa ajili ya ule mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Nilitulia nilipofundishwa kuchoma ubavuni mwa nyonga badala ya nyuma. Unaweka kiganja kwenye kile kifundo cha mfupa wa paja kinachochomoza pembeni, kiganja cha kulia kwa nyonga ya kushoto na cha kushoto kwa ya kulia, kidole cha shahada kinaelekea kwenye ncha ya mfupa wa nyonga kwa mbele, cha kati unakitanua nyuma kufuata ukingo wa nyonga. Katikati ya vidole hivyo viwili ndipo pa kuchoma. Hakuna mshipa mkubwa hapo, wala wa damu wala wa fahamu. Mara ya kwanza unajiona kama mtu anayepima kitambaa, na mgonjwa anashangaa unatafuta nini. Mwambie unachotafuta.

Halafu kuna viputo. Nimeona mwanafunzi mwenzangu akitoka jasho kwa ajili ya kiputo kidogo kama kichwa cha pini, akiamini kitamuua mgonjwa. Kiputo cha namna hiyo kwenye msuli hakiui mtu. Tunakitoa kwa sababu kinakula nafasi ya dawa, dozi ikapungua. Nilipolijua hilo nilipunguza kugonga bomba kama anayebisha hodi.

*

Wiki ya tatu nilikutana na benzathini penisilini. Aliyeichoma anaijua. Ni dawa nzito, nyeupe kama maziwa, na ile ya unga unaochanganya mwenyewe ina tabia ya kuziba sindano katikati ya safari. Mgonjwa alikuwa msichana wa miaka 16 ambaye moyo wake uliguswa na homa ya baridi yabisi, na kila wiki 4 anakuja kuchomwa uniti milioni 1.2 ili ugonjwa usirudi kuziharibu zaidi vali zake. Alikuwa amechomwa mara nyingi kuliko mimi nilivyochoma.

Alinitazama mara moja akajua.

"Sista, wewe ni mwanafunzi?"

Nilitaka kuzungukazunguka. Nikasema, "Ndiyo. Hii nitakuwa naichoma mara ya kwanza. Sista yuko hapa ananiangalia."

"Haya," akasema, akapanda kitandani akalala ubavu, akakunja goti la juu bila kuambiwa. "Leo kulia. Mara iliyopita kushoto. Na ukianza usisimame, sista. Ukisimama inaziba."

Nilimuuliza habari za mzio, ingawa kadi yake imejaa tarehe za dawa hiyohiyo. Akajibu kwa subira ya mtu aliyeulizwa swali hilo maisha yake yote. Trei yenye adrenalini, ambayo pia ni dawa ya kumwokoa mtu mzio mkali ukimpata, ilikuwa karibu, kama inavyotakiwa kila penisilini inapochomwa. Nilinawa kwa pumzi zangu 5. Nilitikisa kichupa, nikatumia sindano ya kijani, namba 21, kwa sababu nyembamba zaidi ya hapo ingenikwamisha. Nikapima nyonga kwa vidole. Nikahakikisha ncha haijaingia kwenye mshipa wa damu, maana dawa hii ikiingia humo ni hatari ya kifo. Na nikaanza kusukuma.

Nilihisi ule uzito chini ya kidole gumba, kama kusukuma uji mzito, na kila sehemu ya mwili wangu ikataka kusimama kidogo nipumzike. Sikusimama. Msichana alikuwa amefumba macho na kuhesabu kwa sauti ya chini. Alipofika 23 nilikuwa nimemaliza.

"Mwezi uliopita nilifika 40," akasema.

Sijui kama lile lilikuwa sifa au taarifa tu, lakini nililibeba siku nzima. Yapo mafunzo mengine yanayosema umtazame mgonjwa kama ule mkono wa plastiki ili usiogope. Mimi nayakataa. Msichana yule alinituliza kwa sababu nilimwachia awe mtu: ajue mimi ni nani, aniambie anachokijua kuhusu mwili wake. Ningemfanya plastiki ningekosa maneno "usisimame", na pengine sindano ingeziba.

Wala usimwambie mgonjwa kwamba haitauma. Itauma, naye atajua umemdanganya, na kwa watoto ndiyo mbaya zaidi kwa sababu watakumbuka. Mimi nasema, "Utasikia kama umefinywa, halafu dawa itakuuma kidogo ikiingia, halafu basi." Cha ajabu, nikishalisema kwa sauti, na mimi pia nakuwa nimejua kinachokuja.

*

Hofu moja sikuitaja darasani kwa sababu ilikuwa haitajwi: kujichoma mwenyewe. Nayo ilimkuta mwenzangu wa zamu. Alikuwa amemaliza vizuri, mgonjwa ameshashuka kitandani, akachukua kile kifuniko cha plastiki akaanza kukirudisha kwenye sindano kwa mikono miwili. Mkono wenye wasiwasi na tundu dogo kama lile havipatani. Ncha ikapita pembeni, ikaingia kwenye kidole cha shahada.

Alichofanya kwanza ni kukibana kidole ili damu itoke, jambo ambalo hutakiwi kulifanya. Sista alimshika mkono akampeleka kwenye maji yanayotiririka na sabuni, bila kukamua, bila kusugua. Kisha wakaenda kutoa taarifa papo hapo. Dawa za kinga dhidi ya VVU hufaa zianze mapema kadiri inavyowezekana na zisivuke saa 72, na kozi yake ni siku 28. Yeye alianzishiwa siku ileile. Mgonjwa akaombwa, akakubali kupimwa, akakutwa hana maambukizi, dawa zikasimamishwa. Kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, hatari ya kuambukizwa ni kama watu 3 kwa kila 1,000 wanaojichoma. Nilipoijua hesabu hiyo hofu yangu ilipungua. Hofu ya homa ya ini aina ya B ndiyo ilipaswa kuwa kubwa zaidi, kwa kuwa yenyewe huambukiza kwa wepesi zaidi kwa asiyechanjwa. Kama hujamaliza chanjo zake kabla ya kuingia wodini, zimalize.

Toka hapo nikaongeza hatua moja mezani: kabla sijavuta dawa nakisogeza kisanduku cha sindano mahali mkono wangu utakapokifikia bila kupiga hatua, na natazama kama hakijapita robo tatu. Ikishatoka mwilini mwa mtu, sindano inakwenda humo na bomba lake, haifunikwi. Kule kujua itakakokwenda kabla haijaingia kunanituliza kuliko jambo jingine lolote. Sijui kwa nini.

*

Siku ya mwisho ya wiki ya nne nilikuwa namalizia kuandika kwenye rejesta nilipoona kivuli mlangoni. Fundi. Safari hii viatu vyote viwili vilikuwa miguuni. Aliangaza chumbani, akamwona sista, akamwona muuguzi mwingine aliyekuwa hana kazi, akanyoosha kadi kwangu.

"Nimekuja kwa ya tatu," akasema.

Nilinawa. Nikasoma kichupa, nikakitikisa, nikavuta nusu mililita. Alivua mkono wote wa shati mwenyewe na kukaa. Nilipapasa mfupa wa bega, nikashusha vidole, nikafuta, nikangoja ikauke. Wakati tukingoja nikamuuliza mguu unaendeleaje, akanisimulia habari za msumari ule, ulitoka kwenye ubao gani na nani aliuacha pale. Alikuwa bado anasimulia nilipochomoa sindano na kuitupa.

"Haya, anza basi," akasema.

Nikampa pamba.